Baden-Powell: Jenerali Aliyewatafuta Viongozi Miongoni mwa Makaporali

Ndugu wasomaji wetu wa jeshini na wa polisi, mtu tunayemleta leo katika ukurasa huu si mgeni kwa jina. Vijana wa skauti wamelieneza jina lake hata mtoto wa shule ya msingi hapa Jabe anaweza kulitaja bila kusita. Lakini wengi wanaomtaja Baden-Powell humfikiria mzee mwenye kofia pana na kaptura, aliyependa kupiga kambi na kuwakusanya watoto kandokando ya moto. Hawajui ya kuwa alikuwa askari kwa muda wa miaka 34, kwamba alipewa kazi ya kuunda jeshi zima la polisi kuanzia mtu wa kwanza, na kwamba karibu yote aliyowafundisha watoto alikuwa amekwisha kuyajaribu kwa askari wazima. Wala si wengi wanaojua kwamba amelala katika ardhi ya Afrika ya Mashariki, mjini Nyeri, nchini Kenya.

Siku hizi imezuka kazi inayoitwa ushauri wa uongozi. Mabenki na makampuni humwalika mtaalamu, akakaa na wakubwa kwa siku mbili tatu katika hoteli, akawafundisha namna ya kuongoza watu, kisha akawauzia kitabu chake. Baden-Powell hakuwa na cheo hicho, kwani katika zama zake jina lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Hata hivyo kazi ndiyo hiyo hiyo aliyoifanya maisha yake yote: aliandika vitabu zaidi ya thelathini, na vile tunavyovijali sisi vilishughulika na swali moja, yaani kiongozi hutengenezwaje, na huanza kutengenezwa akiwa na cheo gani. Wengi wa wakati wake walijibu kwamba kiongozi huanza kwa afisa. Yeye alijibu kwamba huanza kwa yule anayeongoza watu sita. Tutaeleza jinsi alivyolipata jibu hilo, na hatutaficha mahali ambapo yeye mwenyewe, akiwa kamanda, alipungukiwa.

Alizaliwa mjini London tarehe 22 Februari 1857, akaitwa Robert Stephenson Smyth Powell. Baba yake, Mchungaji Baden Powell, alikuwa profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifariki mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu, akamwacha mjane Henrietta Grace na watoto wengi. Ni mama huyo ambaye mwaka 1869 aliliunganisha jina zima la marehemu mumewe ili liwe jina la ukoo, na tangu hapo wakawa akina Baden-Powell. Katika shule ya Charterhouse kijana hakung'ara sana darasani. Mwaka 1872 shule hiyo ilihamishwa kutoka London ikapelekwa Godalming, na karibu yake palikuwa na msitu ambao wanafunzi walikatazwa kuuingia. Yeye aliuingia. Humo alijifunza kunyata, kutega sungura, na kuwapika kwa moto usiotoa moshi mwingi ili walimu wasije wakamgundua. Baadaye alisema wazi kwamba msitu ule ulimfaa kuliko madarasa.

Mwaka 1876 alifanya mtihani wa kuingia jeshini, akashika nafasi ya pili miongoni mwa walioomba jeshi la farasi. Kwa sababu ya nafasi hiyo alisamehewa mafunzo ya chuo cha Sandhurst, akapelekwa moja kwa moja India katika kikosi cha 13 cha Hussars. Sisi tuliopitia shule ya makadeti twaweza kumwonea wivu, kwa kuwa hakuyaonja yale mapambazuko ya saa kumi na moja. Lakini pia twaweza kuona kwamba mtu huyu alianza kazi bila kufungwa na desturi za shule. Hakuna aliyemfundisha kwamba mambo fulani hayawezekani. Alijifunza kazi kutoka kwa masajini wake na kutoka kwa wawindaji wa India, akaandika yote katika daftari pamoja na picha alizozichora mwenyewe. Alikuwa na kipaji cha kuchora kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Kitabu chake cha kwanza juu ya upelelezi wa kijeshi kilitoka mwaka 1884, naye alikuwa bado afisa kijana.

Kutoka India alipelekwa Afrika ya Kusini, na kuanzia mwaka 1890 akawa Malta, ambako mjomba wake alikuwa gavana. Huko alikuwa pia afisa wa ujasusi kwa nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Alitembea huku na huko na wavu wa kunasia vipepeo, akajifanya mwanasayansi aliyerukwa na akili kidogo. Katika michoro ya mabawa ya vipepeo wake alificha ramani za ngome na mahali pa mizinga. Aliyaeleza hayo yeye mwenyewe mwaka 1915. Sisi tunashauri msomaji ayapokee kwa kiasi, maana huyu bwana alipenda hadithi nzuri kama anavyopenda kila askari mstaafu.

Sasa tufike Afrika, mahali ambapo sifa yake ilipatikana, na ambapo sisi Waafrika hatuna budi kumsoma kwa macho mawili. Mwaka 1895 hadi 1896 alikuwa katika safari ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya Ashanti, katika nchi iitwayo leo Ghana. Aliongoza kundi la Waafrika waliotangulia kufyeka njia na kujenga madaraja. Mfalme Prempeh alikamatwa bila vita, akapelekwa uhamishoni, na hakurudi kwao mpaka mwaka 1924. Mwaka ule ule wa 1896 Baden-Powell alipelekwa Rhodesia, ambako Wamatabele walikuwa wameinuka dhidi ya walowezi. Katika milima ya Matobo alitembea usiku kwa usiku akiwapeleleza wapiganaji, akajifunza mengi kwa Mmarekani Frederick Burnham, bingwa wa kufuata nyayo. Sifa hiyo ina doa. Mwezi Septemba mwaka huo kiongozi mmoja wa Kiafrika, jina lake Uwini, alikamatwa akiwa na majeraha. Baden-Powell alimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi, naye akapigwa risasi, ingawa ilitakiwa mateka wa aina yake wakabidhiwe kwa wakuu wa kiraia. Uchunguzi ulifanywa, naye akaondolewa lawama kwa hoja ya dharura ya vita. Kila askari anaijua hoja hiyo na jinsi ilivyo rahisi kuitumia. Sheria ya mateka haikuandikwa kwa ajili ya siku za utulivu, iliandikwa kwa ajili ya siku kama zile za Matobo.

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 40, alikabidhiwa kikosi cha 5 cha Dragoon Guards, huko India tena. Hapo ndipo mwanzo wa habari yetu hasa. Alikikuta kikosi kilichozoea kungoja amri. Askari wa kawaida alijua gwaride, alijua kumtunza farasi, lakini ukimtuma peke yake usiku akaangalie daraja liko katika hali gani, angerudi na habari isiyo na kichwa wala miguu. Baden-Powell aliwagawa waliojitolea katika makundi madogo yasiyofikia watu kumi, kila kundi likawa na kiongozi wake wa cheo cha chini. Aliwatuma mbali, wawili wawili, kisha mmoja mmoja, kila mtu na kazi yake ya kuirudisha kwa maneno mafupi au kwa mchoro. Waliofaulu aliwapa beji yenye umbo la ncha ya dira inayoelekeza kaskazini. Askari alipoipata beji ile alijua kwamba kamanda wake amemwamini, na wenzake pia walijua.

Mafunzo hayo aliyaandika katika kitabu kidogo cha jeshi kilichotoka mwaka 1899. Kilikuwa kitabu cha kutia mfukoni, kilichokusudiwa kaporali na askari wa kawaida. Kilifundisha kuona kwanza, kisha kufikiri juu ya kilichoonwa. Nyayo hizi ni za mtu aliyekuwa akikimbia au akitembea? Majani haya yamelazwa leo au jana? Mbona mbwa wa kijiji hawabweki? Mpelelezi wa polisi anayefika mahali pa wizi ataona kwamba somo hilo halijazeeka hata kidogo. Baadaye aliongeza mchezo alioutoa katika riwaya ya Kipling iitwayo Kim, ya mwaka 1901. Vitu kadhaa hupangwa juu ya meza, watu huviangalia kwa dakika moja, vinafunikwa, kisha kila mmoja huandika alivyovikumbuka. Ni mchezo usio na gharama yoyote. Kituo chochote cha polisi kinaweza kuuchezesha jioni kwa sahani, ufunguo, sarafu na kipande cha kamba, na mkuu wa kituo atashangaa kuona ni nani kati ya watu wake mwenye macho kweli.

Tarehe 13 Oktoba 1899 vita vya Waingereza na Makaburu vilimkuta katika mji mdogo wa Mafeking, ambao leo huitwa Mahikeng. Makaburu waliuzingira, nao waliwazidi wenyeji wake mara kadhaa kwa idadi na kwa mizinga. Mazingiwa hayo yalidumu siku 217, mpaka tarehe 17 Mei 1900. Habari zake zimejaa hila ambazo hata leo zinachekesha. Alizika masanduku yaliyojaa mchanga, akatangaza kwamba ni mabomu ya kutegwa, akijua barabara kwamba wapelelezi wa adui wamo mjini. Alikosa seng'enge ya kutosha, basi akaamuru askari wake, kila wavukapo mahali fulani, wainue miguu kana kwamba wanaruka waya. Kwa darubini kutoka mbali Makaburu waliiona miguu ikiinuliwa, wakaamini waya upo. Taa moja ya kumulika, iliyotengenezwa kwa madebe ya biskuti, ilihamishwa usiku kutoka upande huu hadi upande ule ili ionekane kama taa nyingi.

Upungufu wa wanaume ulimfanya msaidizi wake, Lord Edward Cecil, awakusanye wavulana wa mji wawe matarishi. Walivaa sare, wakapeleka barua wakipanda baiskeli huku makombora yakianguka, na kiongozi wao, Warner Goodyear, alikuwa na umri wa miaka 13. Baden-Powell alilitazama jambo hilo kwa makini. Aliona kwamba mtoto aliyepewa kazi ya kweli, akaambiwa kwamba watu wazima wanamtegemea, huifanya. Huenda wengine mjini waliona ni jambo la kupendeza tu. Yeye aliliweka akilini.

Hata hivyo Mafeking ilikuwa na watu wengine. Kando ya mji wa Wazungu palikuwa na mji wa Wabarolong, nao walikuwa wengi kuliko Wazungu. Wabarolong na Waafrika wengine walichimba mahandaki, walipenya usiku kati ya mistari ya adui wakipeleka barua na kurudisha ng'ombe, na mamia kati yao walishika bunduki. Tarehe 12 Mei, siku tano kabla ya mji kuokolewa, Kaburu kijana Sarel Eloff alipenya na watu zaidi ya mia mbili kupitia mji wa Wabarolong. Ni Wabarolong walioiziba njia nyuma yake, akatengwa na waliomfuata, akalazimika kujisalimisha kabla ya usiku kuingia. Lakini chakula kilipopungua, posho haikupunguzwa kwa mizani moja. Wazungu walipata chakula chao hadi mwisho, chembamba lakini cha kutosha. Waafrika, hasa wakimbizi waliokuja mjini kutafuta usalama, waliuziwa supu ya nyama ya farasi. Wengine walikufa kwa njaa, wengine walisukumwa watoke mjini wapite mbele ya bunduki za adui, na baadhi walipigwa risasi kwa kosa la kuiba chakula. Mkarimani wa mahakama ya mji, kijana Sol Plaatje, aliyekuja kuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho leo huitwa ANC, aliandika shajara siku baada ya siku. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na tangu hapo hakuna anayeweza kuisimulia Mafeking kama kisa cha hila na ushujaa peke yake.

Sisi tunaona kwamba hapa ndipo mahali pa kumpimia Baden-Powell. Alijua kuliko makamanda wengi wa zama zake namna ya kumwamini mtu mdogo. Alimwamini mtoto wa miaka 13. Alimwamini pia tarishi wa Kibarolong, kwa maana alimpa barua ambayo usalama wa mji uliitegemea. Lakini kumwamini mtu kazini ni jambo moja, na kumhesabu katika daftari la posho ni jambo lingine. Katika taarifa zake baada ya vita sifa za Wabarolong zilikuwa haba. Kwa askari msomaji wetu, ambaye huenda kesho atakabidhiwa ulinzi wa mji wenye wakimbizi, suala hili si la historia tu. Anayelinda mji hana budi kujua ni wangapi walio ndani ya mji, na wote.

Uingereza ilishangilia mno kuokolewa kwa Mafeking, hata Waingereza wakaunda kitenzi kipya kutokana na jina la mji huo, kwa maana ya kushangilia kwa fujo barabarani. Baden-Powell, akiwa na miaka 43, alipandishwa kuwa Meja Jenerali, mdogo kwa umri kuliko wenzake wote wa cheo hicho katika jeshi la Uingereza.

Kazi iliyofuata ndiyo tunayoipendekeza kwa ndugu zetu polisi, kwa kuwa haitajwi sana. Mwaka 1900 aliagizwa kuunda jeshi la polisi la Afrika ya Kusini, akawa Inspekta Jenerali wake mpaka mwaka 1903. Hakukuta ofisi, hakukuta farasi, hakukuta sare. Ilimbidi aajiri watu wapatao 10,000, tena wengine kutoka nchi za mbali kama Kanada. Aliwavika khaki na kofia pana, ile ile ambayo skauti waliirithi baadaye. Nchi ilikuwa kubwa, vita vilikuwa havijaisha, na wakulima waliorudi kutoka kambini walikuwa na uchungu. Lau angewaweka polisi wake katika makambi makubwa wangebaki kuwa jeshi lingine la kigeni. Aliwatawanya katika vituo vidogo vidogo, kila kituo chini ya kiongozi wa cheo cha chini, na kiongozi huyo akapewa mamlaka ya kuamua mambo ya eneo lake bila kungoja barua kutoka makao makuu. Polisi alitakiwa ajue majina ya watu wake, mashamba yao, mifugo yao na magomvi yao.

Hapa Burundi jambo hilo si geni. Katika mitaa ya Jabe, kama ilivyo Bwiza na Buyenzi, tunaye nyumba kumi, ambaye hana ofisi wala gari, lakini ndiye wa kwanza kujua nani amehamia usiku na nani anagombana na jirani yake. Afisa wa polisi aliyefika juzi kutoka mkoani, kama ana akili, hamtafuti mkubwa kwanza, bali humtafuta nyumba kumi. Uongozi wa nyumba kumi una nguvu kwa sababu kundi ni dogo: anayeongoza anawajua wote kwa sura, nao wanamjua, na uongo hauishi muda mrefu kati yao. Tofauti iko kwenye mafunzo. Nyumba kumi wetu na kaporali wetu hupewa jukumu siku moja na kuachwa wajifunze wenyewe. Baden-Powell aliona kwamba mtu huyo wa chini ndiye anayestahili kufundishwa zaidi, maana ndiye aliye karibu na watu.

Kutoka mwaka 1903 hadi 1907 alikuwa Inspekta Jenerali wa askari wa farasi wa Uingereza. Alizunguka, alikagua, alisaidia kuanzisha shule na jarida la askari hao. Jambo lililomsumbua ni kwamba kile kitabu chake kidogo cha askari kilikuwa kimeanza kusomwa na wavulana, na walimu walikuwa wakikitumia shuleni. Mwaka 1904 alikagua vijana wa chama cha Boys' Brigade huko Glasgow. Mwanzilishi wao, William Smith, alimshauri akiandike upya kitabu kile kwa ajili ya vijana.

Hakuketi akaandika mara moja. Kwanza alijaribu. Tangu tarehe 1 Agosti 1907 alikaa kwa muda wa siku zipatazo nane katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akiwa na wavulana wapatao ishirini. Wengine walikuwa watoto wa wakubwa kutoka shule maarufu, wengine watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth, na katika Uingereza ya wakati ule kuwalaza katika hema moja halikuwa jambo dogo. Aliwagawa katika makundi manne, akayapa majina ya wanyama na ndege, na kila kundi likapata kiongozi wake kutoka kwa wavulana wenyewe. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya tandala aliyoitwaa katika vita vya Matabele. Maagizo aliwapa viongozi wa makundi tu. Lililofanyika ndani ya kundi lilikuwa juu ya kiongozi, na kundi likishindwa, kiongozi ndiye aliyeulizwa.

Kuanzia Januari 1908 kitabu chake cha skauti kilitoka kwa vipande sita, kila kimoja kwa peni nne, ili mtoto wa fukara naye aweze kununua. Kilichotokea hakukitazamia. Wavulana hawakungoja mtu wazima wa kuwaongoza. Walijikusanya sita au wanane, wakachagua kiongozi, wakaanza. Mwaka 1909 walipokusanywa kule Crystal Palace, London, walifika maelfu kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo wasichana waliojifanya skauti bila kuombwa na mtu. Mwaka uliofuata chama cha wasichana kilianzishwa chini ya uongozi wa dada yake, Agnes. Mwaka huo wa 1910 naye aliacha jeshi, akiwa na cheo cha Luteni Jenerali.

Tunalo jambo moja ambalo huenda likawashangaza wasomaji wetu. Jenerali huyu, mkaguzi wa askari wa farasi, aliyekata gwaride maelfu ya mara, alilikataa gwaride katika skauti. Alishikilia kwamba mwalimu mvivu hukimbilia gwaride, kwa kuwa linapendeza machoni na halimtaki mwalimu ajue jina la yeyote. Kwake kiongozi wa vijana alipaswa kuwa kama kaka mkubwa, wala si kamanda. Sisi hatukubaliani naye kwa kila kitu. Gwaride kwa askari ni lazima: linaufundisha mwili kutii kabla hofu haijaufikia, na aliyepata kuwa chini ya moto anaijua thamani yake. Lakini hoja yake ina ukweli ambao shule nyingi za kijeshi zingefanya vema kuuangalia. Kombania inaweza kupita mbele ya jukwaa ikiwa imenyooka kama kamba, na bado isiwe na kaporali hata mmoja anayeweza kuamua lolote endapo redio itazimika.

Mwaka 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames, binti wa miaka 23 aliyekutana naye melini, na ambaye kwa bahati walizaliwa tarehe na mwezi mmoja. Walijaliwa watoto watatu. Vita Kuu ya mwaka 1914 iliwachukua maelfu ya skauti wa kwanza, na wengi hawakurudi. Mmojawapo alikuwa Kapteni Roland Philipps, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongozi wa makundi madogo, akauawa huko Ufaransa Julai 1916.

Baada ya vita Baden-Powell aliuelekeza uso wake kwa wale waliowaongoza vijana. Mwaka 1919 lilipatikana shamba la Gilwell, karibu na London, na Septemba ya mwaka huo ikafanyika kozi ya kwanza ya viongozi. Watu wazima, wengine waliokuwa maofisa vitani, walilala katika mahema, walipika wenyewe, waligawanywa katika makundi kama watoto, na kila mmoja akapokezana na mwenzake zamu ya kuongoza na zamu ya kuongozwa. Waliofaulu walipewa shanga mbili za mti, zilizotolewa katika mkufu ambao Baden-Powell aliuleta kutoka nchi ya Wazulu, naye alisema ulikuwa wa mtemi Dinizulu. Jinsi alivyoupata, wanahistoria wanabishana hadi leo. Maelfu ya viongozi katika kila bara wamevaa nakala za shanga hizo, na wachache kati yao hufahamu kwamba asili yake ni shingo ya Mwafrika. Mwaka 1920, katika mkutano wa kwanza wa dunia mjini London, vijana walimtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia.

Lakini ule upungufu wa Mafeking ulimfuata. Huko Afrika ya Kusini vijana wa Kiafrika hawakukubaliwa kuwa skauti pamoja na Wazungu, bali waliundiwa chama cha kando kilichoitwa Pathfinders. Mwaka 1936 Baden-Powell alikwenda huko, na alichokipata ni mapatano ya vyama vilivyokwenda sambamba, kila rangi na chama chake. Wapo wanaosema asingeweza kupata zaidi kwa serikali ile. Huenda ni kweli. Ila skauti wote wa nchi hiyo hawakuwa chama kimoja mpaka mwaka 1977.

Mawazo yake yalitembea kwa miguu yao wenyewe, hata kwa watu ambao dola lake lilikuwa likiwatawala. Katika shule ya serikali ya Tabora, Tanganyika, kijana Julius Nyerere alikisoma kile kitabu cha mwaka 1908, akawa miongoni mwa waliosaidia kuanzisha kikundi cha skauti shuleni hapo. Huyo ndiye Mwalimu ambaye Warundi tulimfahamu Arusha kama msuluhishi wetu, hadi alipofariki Oktoba 1999, chini ya mwaka mmoja kabla ya mapatano kutiwa sahihi.

Mwaka 1938 afya ilikuwa imemwishia, na Baden-Powell akahamia Kenya na mkewe. Nyumba yao ndogo iliitwa Paxtu, nayo ilijengwa katika uwanja wa hoteli ya Outspan mjini Nyeri, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Kutoka barazani aliuona Mlima Kenya. Alichora tembo na ndege, akaandika vitabu vya mwisho, akajibu barua za watoto. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akibakiza wiki chache kutimiza miaka 84.

Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Petro pale pale Nyeri, na majivu ya mkewe, aliyefariki mwaka 1977, yamo katika kaburi hilo hilo. Kila tarehe 22 Februari skauti huenda kulizuru. Juu ya jiwe imechongwa duara yenye nukta katikati, alama ambayo mpelelezi aliyetangulia huwachorea njiani wanaokuja nyuma, kuwaarifu kwamba amekwisha kurudi nyumbani.